Nafasi Sita

Barua ilifika Jumanne.
Niliiweka juu ya mashine ya kufulia,
na chini yake Fiachra ameketi sakafuni, macho kwenye kioo,
anafuata soksi moja nyekundu
ikizama, ikiibuka, ikizama.

Sikuifungua. Nilimenya viazi kwanza.
Shule kumi na moja zimenifunza kumenya viazi kwanza.

Wa kwanza walisema: tuna orodha.
Wa nne: tuna orodha ya kungojea kuingia kwenye orodha.
Claremorris wakasema ripoti ya daktari imepitwa na wakati,
ina miezi ishirini na sita, wao wanataka ishirini na minne,
kana kwamba mtoto ni maziwa, ana tarehe ya kuchacha.
Na mmoja, sauti laini kama siagi, aliniuliza kwenye simu,
"Hali yake ni nzito sana, au kidogo tu?"
Ukisema kidogo, hahitaji darasa.
Ukisema sana, darasa halimuwezi.
Basi nikajifunza kumpima mwanangu kwa kibaba cha watu,
hapa nimjaze, pale nimpunguze,
nimwandike vibaya kwenye fomu mchana,
usiku nimnuse utosi, nimwombe radhi.

Malachy huondoka na lori la maziwa saa kumi alfajiri.
Akinikuta mezani na faili, husema, "Bado?"
Nami husema, "Bado."
Februari nzima hatukuzungumza zaidi ya hapo.

Si kwamba Fiachra hasemi.
Husema utabiri wa bahari, wa redioni, neno kwa neno:
Malin Head, upepo wa kusini-magharibi, mvua, kipimo cha hewa kinapanda.
Valentia, upepo wa magharibi, kweupe.
Tumbo likimuuma, kipimo kinashuka. Kinashuka haraka.
Bibi yake anasema wanaume wa ukoo wao wote walichelewa kusema.
Labda. Lakini hakuna aliyeanzia baharini.

Viazi vikachemka. Nikafungua.
*Tunafuraha kukuarifu.*
Nilisoma mstari huo nimesimama,
uliobaki nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mashine,
inatetemeka, natetemeka,
sikujua nani anamtetemesha nani.

Alhamisi tukaenda.
Shule ile ile ya watoto wote, lango lile lile,
kelele ile ile ya mapumziko ikimwagika uani;
ila ukipita ukumbini, ukakata kushoto,
kuna mlango wa rangi ya samawati na ndege amechorwa.
Darasa la Kipozamataza. Viti sita.
Taa zimefifishwa. Hakuna kengele.
Fiachra alivua viatu, akanusa ukuta,
akalala kifudifudi kando ya chombo cha kupashia joto.
Nikaanza kueleza, kama nilivyozoea,
ripoti ukurasa wa tatu, aya ya pili...
Mwalimu Heneghan hakunitazama. Alilala naye sakafuni, sketi na vyote,
akamsikiliza mpaka Malin Head ikaisha,
kisha akauliza, "Na Belmullet je?"

Kimya.
Miaka sita, hakuna aliyewahi kumuuliza Belmullet.
"Belmullet," akasema mwanangu, "kweupe."

Ningependa niishie hapo.

Lakini viti ni sita, na kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja.
Sorcha nami tulipeleka fomu siku moja, kwa gari moja, lake;
tuligawana chai ya chupa moja kwenye viti vya plastiki vya Castlebar,
Líadan wake na vizibo vyake vya masikio vya manjano
amepanga vifuniko vya kalamu miguuni pa Fiachra,
na Fiachra, asiyependa kuguswa kitu, akaviacha.
Tulisema, atakayepata kwanza ampigie mwenzake.
Tulisema hivyo tukicheka.

Leo Ijumaa. Simu nimeilaza kifudifudi kando ya sinki.
Imetetemeka mara mbili.
Fiachra ameigeuza, amesoma jina lililoandikwa,
herufi kwa herufi, kwa sauti ya mtangazaji,
kisha amenitazama, yeye asiyetazama,
na kuniletea mkononi.